Somo: Mkodishie mwenye kiwanda mchoro wako, usimwachie mti

Kwetu Pemba mtu hukodi mikarafuu ya msimu mmoja. Analipa, anaweka wachumaji, anaanika, anauza, na msimu ukiisha anakwenda zake. Mikarafuu inabaki kwa mwenyewe. Hakuna mtoto wa Kipemba anayehitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Lakini mimi niliyekulia chini ya mikarafuu hiyo, nilipofika Dar es Salaam na kuanza kuchora kanga, niliuza mti kwa bei ya msimu.

Mfanyabiashara mmoja aliupenda mchoro wangu wa korosho. Fedha alizonipa zilitosha kodi ya chumba miezi miwili, na nilijiona tajiri. Nikaandika risiti kwa mkono wangu: "Nimepokea malipo ya mchoro." Basi. Mwaka uliofuata nikauona kwenye kanga, sawa, hilo tulizungumza. Kisha kwenye mashuka. Kisha kwenye sinia za plastiki. Kisha ndugu yangu aliyeko Muscat akanitumia picha ya mapazia. Nilipokwenda kuuliza, nikaonyeshwa risiti yangu mwenyewe. Haikutaja bidhaa, haikutaja nchi, haikutaja mwisho.

Somo hili ni la wachoraji na wabunifu wa vitambaa, ila mwenye wimbo au picha za kamera naye atajiona humu. Alama za biashara na hataza, yaani haki ya aliyevumbua kitu kipya, nitazigusa njiani na kwenye maswali.

Hatua ya kwanza: jua kilicho chako

Mchoro una hakimiliki tangu ulipouchora. Husubiri cheti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania Bara inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata wajukuu wako wana hisa katika korosho zako. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, au COSOZA ukiwa Zanzibar, ni wa kujiwekea ushahidi. Mimi nasajili michoro ninayotarajia kuikodisha, mingine naacha. Ila michoro ya mwanzo ya penseli siitupi, wala faili lenye tarehe, wala ujumbe wa kwanza niliomtumia mteja. Siku ya ubishi, karatasi chafu yenye kufutwafutwa ina nguvu kuliko mchoro safi.

Kama umeajiriwa, soma kwanza mkataba wa kazi. Ulichochora kwa mshahara huenda kikawa cha mwajiri, na huwezi kukodisha shamba la mwenzio.

Jina la biashara ni mlango mwingine. Mnazijua kanga za Mombasa zenye maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hizo herufi ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyeanza karne ya 19. Mchoro hubadilika kila toleo, maandishi yale yanabaki, na mnunuzi anajua mzigo umetoka kwa nani. Hiyo ndiyo alama ya biashara. Bara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Bidhaa hupangwa kwa madaraja: kitambaa kimo daraja la 24, nguo zilizoshonwa daraja la 25, na wengi husajili moja wakasahau la pili. Tena usajili wa BRELA hauvuki bahari: miliki ubunifu si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar unakwenda BPRA, wakala wa usajili wa huko, ukaanze upya. Nimeona watu wakikodisha alama "Tanzania nzima" ilhali cheti walichonacho ni cha Bara tu.

Hatua ya pili: pima shamba kabla ya kutaja bei

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa sana.

Mteja akikuuliza "unauzaje huu mchoro?", usijibu kwa namba. Muulize yeye: unautaka kwa bidhaa gani, uuze wapi, mpaka lini, na je, uwe nao peke yako?

Bidhaa ziandike kwa majina. "Nguo" ni neno pana mno. Ndani yake mna kanga, kitenge, shuka, fulana na kofia. Andika "kanga tu". Akitaka sinia atarudi, na akirudi mnazungumza upya.

Mahali nako vivyo hivyo. Mtu anayeuza Kariakoo na Darajani hana haja ya Kenya, Komoro na Oman kwenye karatasi yake. Ukimpa nchi asizozifikia, hazifanyii kazi yeye wala wewe. Unakuwa umefunga duka na ufunguo umempa mtu asiyelifungua.

Muda: kwa mchoro wa kanga mimi natoa miezi 12. Kanga ina msimu wake, harusi na Idi vikipita watu wanataka nyingine. Mteja mzuri atahuisha.

Upekee ndio ghali. Leseni ni hiyo ruhusa unayomkodishia. Leseni ya pekee maana yake hata wewe mwenyewe huruhusiwi kumpa mwingine, na kwa kawaida hata kuutumia, ndani ya mipaka mliyoiweka. Isiyo ya pekee inakuacha huru. Anayetaka upekee alipe zaidi na aahidi idadi, la sivyo ataufungia mchoro kabatini ili mshindani wake asiupate, nawe utakaa ukingoja mrabaha, yaani fungu lako kwa kila kinachouzwa, wa kanga ambazo hazijachapwa. Na andika wazi kwamba haruhusiwi kumkodishia mtu wa tatu bila ruhusa yako ya maandishi.

Kifungu ninachotumia ni hiki, kichukueni mkirekebishe:

"Mwenye Haki anampa Mpewa Leseni ruhusa isiyo ya pekee ya kuchapa Mchoro Na. 1, uliomo kwenye kiambatisho, juu ya kanga tu, na kuziuza kanga hizo Tanzania Bara na Zanzibar, kwa miezi 12 tangu tarehe ya sahihi. Haki yoyote ambayo haikutajwa hapa inabaki kwa Mwenye Haki."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyokosekana kwenye risiti yangu.

Hatua ya tatu: fedha

Njia ni mbili kubwa: fungu moja, au mrabaha kwa kila kinachouzwa. Fungu moja si dhambi, alimradi muda na bidhaa vimewekewa mpaka. Mrabaha unahitaji hesabu.

Tuseme kiwanda kinauza doti kwa shilingi 9,000 kwa mfanyabiashara wa jumla, na mmekubaliana asilimia 5. Hiyo ni 450 kwa doti. Akiuza doti 2,000, una 900,000. Ukiwa umechukua 300,000 za kianzio siku ya sahihi, zinakatwa humo, zinabaki 600,000. Kianzio kiandikwe kwamba hakirudishwi hata kanga zikidoda.

Sasa swali la mtego: asilimia 5 ya nini? Wakiandika "ya faida", jitayarishe kusomewa bili ya umeme, ya rangi, ya lori na ya mlinzi, mpaka faida iwe sifuri. Ya bei ya rejareja nayo ni ngumu, maana kiwanda hakiuzi rejareja. Mimi siku hizi sishughuliki na asilimia kwa wateja wadogo. Naandika shilingi kadhaa kwa kila doti iliyotoka ghalani. Doti zinahesabika. Muulize pia mhasibu habari ya kodi ya zuio, kwa sababu mrabaha hukatwa kabla ya kukufikia, na mkataba useme kiwango mlichokubaliana ni kabla au baada ya makato.

Hatua ya nne: sampuli, jina na taarifa

Sampuli ya kwanza uione na kuikubali kwa maandishi kabla mtambo haujaendelea. Kwa mchoro ni suala la heshima yako; kwa alama ya biashara ni roho yenyewe. Ukimkodishia mtu alama yako kisha usijali anachokitoa, mnunuzi aliyechujukiwa na kanga atalilaani jina lako, hatajua mwenye kiwanda ni nani.

Jina lako liwemo penye pindo au kwenye lebo. Taarifa ya mauzo kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakuuza kitu. Na uwe na haki ya kukagua vitabu vyake mara moja kwa mwaka.

Hatua ya tano: mtaachanaje

Msimu wa mikarafuu ukiisha, mara nyingi karafuu zilizokwisha kuchumwa bado zimo juani kwenye majamvi. Hakuna anayemwambia mkodi aziache. Lakini mtini harudi tena. Mkataba wa mchoro nao uwe na majamvi yake: siku leseni inapoisha atoe orodha ya mzigo uliobaki, apewe miezi mitatu aumalize huku akilipa mrabaha ule ule, asichape hata doti moja mpya, na faili la mchoro lifutwe kiwandani. Asipoweka orodha, mzigo "uliobaki" utazaliana.

Asipolipa ndani ya siku 30 baada ya kukumbushwa kwa maandishi, leseni inakufa.

Hatua ya sita: sahihi

Nakala mbili, mashahidi, mchoro wenyewe umebandikwa nyuma na kila ukurasa una herufi za majina yenu. Ulizeni habari ya ushuru wa stempu ili karatasi ikubalike mahakamani. Mkataba wa alama ya biashara upelekeni pia kwa msajili uingizwe kwenye daftari. Wakili ni ghali, najua. Mlipe walau ausome mmoja, kisha huo uwe kielelezo chako.

Maswali ya wanachama

*Mchoraji, Dar es Salaam:* Kaka, mimi nachora Tingatinga. Kuna mtu ananiambia nahitaji leseni ya familia ya mzee. Kweli?

Mtindo haumilikiwi. Chui mwenye madoa ya rangi za mafuta juu ya ubao, yeyote anaweza kumchora. Kinacholindwa ni picha fulani ya mchoraji fulani. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, kwa hiyo hata picha zake mwenyewe, kwa sheria ya Bara, miaka 50 ilitimia 2022. Nchi nyingine zina hesabu yao. Lakini wachoraji waliomfuata wengi wako hai au wamekufa juzi. Kuiga picha ya mmoja wao mstari kwa mstari ni kuiba, hata ukisema "ni Tingatinga tu".

*Mbunifu, Mombasa:* Mteja aliniagiza nimchoree kitambaa, akanilipa, hatukuandikiana. Nami nisubiri mrabaha?

Pole, dada. Kwenu mambo ni kinyume na wengi wanavyodhani. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo Kenya, ukinyamaza, umeuza. Agizo linalofuata lianze na barua fupi: "Hakimiliki inabaki kwangu, nawe una leseni ya hiki na hiki." Na ukitoa leseni ya pekee, ni lazima iwe kwa maandishi.

*Muuza kanga, Tanga:* Msemo wa kanga je? Nimeona mtu katumia wangu. Halafu niko mbioni kusajili neno "Kanga" liwe alama yangu.

Msemo mfupi ni vigumu kuudai, na methali ndiyo kabisa, hakuna mtu binafsi anayeimiliki. Shairi ni habari nyingine. Kuhusu neno "Kanga", okoa ada yako. Jina la bidhaa yenyewe haliwi alama ya mtu mmoja juu ya bidhaa hiyo. Mwaka 2007 kulikuwa na mvutano kwa sababu kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" huko kwao. Wakenya walipinga, na maombi hayakufika mwisho. Sajili jina lako mwenyewe.

*Fundi, Bagamoyo:* Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza mashine ya kufua nazi. Nataka kiwanda kiitoe kwa leseni, na Sabasaba ijayo nitaipeleka nikaionyeshe.

Marahaba. Usiionyeshe kwanza. Hataza inataka kitu kipya, na ukishakianika hadharani upya wake unatiliwa shaka. Wasilisha maombi BRELA, au kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la miliki ubunifu kule Harare, ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja, ndipo uende Sabasaba. Ukilazimika kumwonyesha mwenye kiwanda kabla ya hapo, asaini mkataba wa kutunza siri. Hataza ya BRELA hudumu miaka 10 na huweza kuongezwa miaka mitano mara mbili, kwa hiyo leseni yako isiahidi mrabaha wa milele. Na kama kifuo cha mashine yako ni kile kile cha bibi, mota tu ndiyo mpya, mwambie wakili ukweli mapema.

*Mchoraji, Unguja:* Risiti kama yako nami ninayo, tena mbili. Kuna dawa?

Ya kukurudishia vya nyuma sijaiona. Mimi nilisubiri yule bwana anihitaji tena. Alipokuja kutaka mchoro wa pili nikamwekea karatasi mbili mezani: mkataba wa mchoro mpya, na nyingine ya kuuwekea mipaka ule wa korosho, kanga na mashuka basi. Ya kwanza aliisaini siku ile ile. Ya pili ilimchukua miezi minne. Sinia zimekoma. Mapazia ya Muscat bado natumiwa picha zake.