Usizimalize kozi za jumla mwaka wa kwanza

Wengi wetu tuliosoma nyumbani tulichagua njia mapema. Kidato cha tano unaingia PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au HGL (historia, jiografia, lugha), chuoni unaingia moja kwa moja kwenye fani yako, na masomo ya pembeni ni machache: stadi za mawasiliano, DS (masomo ya maendeleo), basi. Ukifika Marekani unakuta utaratibu mwingine. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na mara nyingi kama theluthi yake ni kozi za elimu ya jumla: uandishi, hesabu, sayansi, historia, sanaa, sayansi ya jamii. Baba anapiga simu kutoka Moshi anauliza, "Si ulikwenda kusomea uuguzi? Hiyo historia ya sanaa ya nini tena?" Nawe unaona heri uzimalize upesi, ndipo uanze masomo yenyewe.

Mimi nilifanya hivyo. Mwaka wa tatu nikajikuta na kozi nne za sayansi kwa mpigo, tatu zikiwa na maabara, bila hata moja ya kupumulia. Nilitaka kuacha mbili, lakini nilikuwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ambayo humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe na krediti zisizopungua 12 katika muhula. Ukishuka chini ya hapo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, unahatarisha ukaaji wako. Nikabaki nazo zote, na alama za muhula ule zinaniuma hadi leo.

Kwa hiyo wadogo zangu nawaambia: wekeni akiba. Bakizeni kozi nne za jumla kwa ajili ya miaka miwili ya mwisho, moja kila muhula, ikae kando ya masomo mazito. Kozi ya muziki au falsafa katikati ya wiki ya kemia ogani ni kivuli juani.

Mbili tu zisisubiri: uandishi na hesabu. Uandishi, kwa sababu kila mwalimu baada ya hapo atakudai insha yenye marejeo kwa utaratibu wao. Hesabu, kwa sababu ni mnyororo. Anayesomea uhandisi asipoanza kalkulasi mapema, fizikia inachelewa, na kozi za uhandisi zinazoitegemea nazo zinachelewa. Vyuo vingi hukupima kwanza ili kujua uanzie wapi. Usiende kwenye mtihani huo na uchovu wa safari, hujagusa aljebra miezi minane. Ukifanya vibaya utapangiwa kozi za kujazia mapengo, ambazo kwa kawaida unazilipia ada na hazihesabiwi kwenye shahada. Rudia mazoezi ya sekondari wiki mbili kabla.

Kisha tafuta kozi zinazoziba mapengo mawili kwa mara moja. Programu nyingi za uuguzi hudai saikolojia na takwimu kabla hujaomba nafasi, na mara nyingi kozi hizo hizo hukubaliwa kama elimu ya jumla. Kabla ya kuchagua kozi ya jumla kwa sababu rafiki kasema ni rahisi, angalia kama fani yako inadai nyingine ya kundi hilo hilo.

Piga pia hesabu ya miaka. Krediti 12 zinakulinda kwa viza, lakini mara mihula minane ni 96 tu. Zinabaki 24, yaani karibu mwaka mzima wa ada, kodi ya nyumba na chakula. Wastani wa 15 ndio unaokufikisha kwa miaka minne. Na kwa mwenye F-1, ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti tatu, inayohesabiwa katika zile 12.

Ukianzia chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) kwa sababu ya ada, ushauri wangu unageuka: huko zimalize kabla ya kuhama, lakini kwa kufuata mpango wa jimbo wa kozi za jumla. Minnesota, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, kuna mpango wa uhamisho wa krediti 40 wenye makundi kumi. Texas ni krediti 42, na ndani yake historia ya Marekani na serikali. California, tangu vuli ya 2025, ni mpango uitwao Cal-GETC, krediti 34. Ukihama na mpango kamili, vyuo vikuu vya umma vya jimbo lile huupokea mzima. Ukihama na vipande, au ukivuka jimbo, kila kozi itapimwa peke yake.

Usisahau ulichokuja nacho. Vyuo vingine hutoa krediti kwa matokeo ya kidato cha sita, na vinavyodai lugha ya kigeni huweza kukusamehe kwa Kiswahili chako. Ila uliza: kusamehewa si kupewa krediti, na pengo utalijaza kwa kozi nyingine.

Andika mihula yote minane kwenye karatasi moja, uipeleke kwa mshauri wa masomo kabla usajili haujafunguliwa. Chochote anachokukubalia, mwombe akuandikie kwa barua pepe, nawe uitunze mpaka siku ya mahafali.