Somo: Kuchagua kikosi cha drafti ya FPL ukiwa katikati ya mstari

Somo hili linawahusu wale ambao mfumo umewapangia zamu ya nne au ya tano katika ligi ya drafti yenye mameneja wanane. FPL (Fantasy Premier League) ni mchezo wa mtandaoni ambamo kila mshiriki, yaani meneja, hukusanya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani; drafti ni aina yake ambamo mameneja huwachagua wachezaji hao kwa zamu. Katika drafti, tofauti na FPL ya kawaida ambayo wengi wetu tumeizoea, mchezaji humilikiwa na meneja mmoja tu ndani ya ligi, hakuna bajeti, na hakuna nahodha wa kuzidishiwa alama. Zamu huenda kutoka wa kwanza hadi wa nane, kisha hurudi kutoka wa nane hadi wa kwanza, na huendelea hivyo mpaka kila meneja awe na makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3.

Hatua ya kwanza: andika zamu zako zote kabla ya siku yenyewe

Aliyepangiwa nafasi ya nne atachagua mchezaji wa 4, wa 13, wa 20, wa 29, wa 36, wa 45, na kuendelea hivyo hadi wa 116. Ukiziangalia namba hizo utaona kwamba baina ya zamu zako hupita wachezaji wanane, kisha sita, kisha wanane tena. Aliye wa kwanza huchagua wa 1, halafu hukaa akitazama wachezaji 14 wakiondoka kabla ya kuchagua wa 16 na wa 17 kwa mkupuo. Yeye hulazimika kubahatisha mbali sana. Wewe huhitaji kubahatisha kiasi hicho, na hiyo ndiyo faida pekee ya katikati, kwa hiyo itumie.

Faida hiyo hutumika hivi. Baada ya kuchagua wa 13, wanaosimama kati yako na zamu yako ijayo ni watu watatu tu, yaani wa tatu, wa pili na wa kwanza, na kila mmoja wao atachagua mara mbili. Fungua vikosi vyao uvitazame. Tuseme mko raundi ya kumi, unachagua wa 77, na unasita baina ya kipa na kiungo. Ikiwa wale watatu wote wameshapata kipa wa kuanza, yaelekea yule unayemtaka atakuwepo bado utakapofika wa 84. Mchukue kiungo kwanza. Ikiwa wawili kati yao hawana kipa hata mmoja, usisubiri.

Hatua ya pili: pima uhaba, usipime ukubwa wa jina

Ligi ya watu wanane inahitaji washambuliaji 24. Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, nyingi zikianza na mshambuliaji mmoja wa kati, na mawinga wengi wanaofunga mabao wameorodheshwa na FPL kuwa viungo. Maana yake ni kwamba washambuliaji wanaoanza kila wiki hawatoshi kumpa kila meneja watatu. Mabeki nao wanatakiwa 40, lakini wanaoanza ni 80 na zaidi. Kwa sababu hiyo ninashauri uwe na washambuliaji wawili wa uhakika mpaka kufikia zamu yako ya kuchagua wa 36, na yule wa tatu umwache hadi mwisho kabisa, kwa kuwa kanuni zinaruhusu kupanga hata mshambuliaji mmoja na huyo wa tatu atakuwa wa benchi tu.

Hatua ya tatu: panga majina kwa ngazi

Badala ya orodha ndefu ya 1 hadi 120, gawa kila nafasi katika ngazi za wachezaji ambao kwako ni sawa. Zamu ikifika, uliza ni ngazi gani itakayokauka kabla hujarudi. Zikibaki nafasi mbili zenye watu wanne kila moja, huna haraka nazo. Akibaki mshambuliaji mmoja wa ngazi ya pili, huyo ndiye wa kuchukuliwa, hata kama orodha ya programu inamweka chini ya kiungo fulani.

Kuhusu zamu ya kwanza, wengi hunung'unika kwamba katikati humpati mfungaji mahiri kama Erling Haaland. Hasara hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mohamed Salah alipomaliza msimu wa 2024/25 na alama 344, meneja wa FPL ya kawaida aliyempa unahodha kila wiki alivuna mara mbili yake, ilhali wa drafti alipata zilezile 344. Bila unahodha, pengo baina ya mchezaji bora na wanaomfuata hupungua. Chukua wa 4 kwa utulivu: mtu anayecheza dakika zote na anayepiga penalti.

Hatua ya nne: kipa, mabeki na nafasi za mwisho

Kipa asichaguliwe mapema. Kwa mabeki, kumbuka kwamba tangu msimu wa 2025/26 FPL humpa beki alama 2 akifikisha matendo 10 ya ulinzi, kama kunyang'anya au kuondoa mpira, katika mechi moja, jambo linalomfanya beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana kuwa na thamani hata wiki ambayo timu yake imefungwa.

Nafasi za mwisho za benchi zisijazwe watu wa wastani. Cole Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, ligi ikiwa imeshaanza, akamaliza msimu na mabao 22. Mchezaji wa namna hiyo hupatikana baada ya drafti, kwa maombi ya kila wiki ya wachezaji wasiomilikiwa na meneja yeyote, na mwenye benchi la watu asioogopa kuwaacha ndiye humchukua bila kusitasita.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, ligi yetu ina watu 12 nami ni wa sita. Hesabu inabadilika?

Jibu: Inabadilika sana, ndugu yangu. Utachagua wa 6, wa 19, wa 30 na wa 43. Ligi itahitaji washambuliaji 36 na makipa 24, wakati klabu zina makipa 20 tu wanaoanza. Mshambuliaji mmoja awe ndani ya zamu zako mbili za kwanza, wa pili asipite ya nne, na kipa umsogeze mbele kidogo. Kipa wa pili usimhangaikie.

Swali: Wenzangu wameanza kuchukua mabeki mfululizo. Niwafuate?

Jibu: La. Mabeki ndio walio wengi kuliko wote, na kila beki anayeondoka mapema amekuachia kiungo au mshambuliaji. Ningekujibu tofauti kama wangekuwa wanachukua washambuliaji.

Swali: Umeme wa kwetu si wa kutegemea. Mtandao ukikatika katikati ya drafti itakuwaje?

Jibu: Muda wako ukiisha mfumo hukuchagulia, ukianza na orodha yako ya wachezaji unaowafuatilia. Ijaze mapema kwa mpangilio wa ngazi zako, si wa majina unayoyapenda, na uchanganye nafasi ndani yake, vinginevyo utarudi ukute viungo watupu. Uwe na bando kwenye simu pia.

Swali: Je, nimkwepe mchezaji atakayekwenda AFCON na kukosa mechi za klabu yake?

Jibu: Michuano ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 na kumalizika tarehe 18 Januari 2026, na waliokuwa na Salah au Bryan Mbeumo walijua hilo tangu Agosti. Mmoja wa aina hiyo simkwepi hata kidogo. Wawili ninawakubali iwapo benchi lina kiungo anayeanza. Wa tatu ninamwachia jirani.