Shina moja, maneno matano ya Kiingereza

Usikariri "compute", "dispute", "reputation" na "amputate" moja moja. Yote yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini "putare". Awali kilimaanisha kupogoa mti, kisha kusawazisha hesabu, halafu kudhani. "Amputate" bado imeshika kisu cha mpogoaji: kukata pande zote. "Compute", kwa Kilatini "computare", ni kuhesabu pamoja, na "reputation" ni vile watu wanavyokuhesabu. Hata "count" ni "computare" ile ile, imepitia Kifaransa ikapungua mwili.

Sisi hatupati shida hapa, maana neno letu "hesabu", tulilolipata kwa Waarabu, hufanya kazi zote mbili, kuhesabu na kudhani: nahesabu fedha, na jirani yangu namhesabu kuwa ndugu. Andika "putare" katikati ya ukurasa, uyachore hayo mengine kama matawi.