Kupanga muda wa kusubiri katika klasta ya fayawoli mbili

Klasta ya fayawoli mbili (vizuizi vya kulinda mtandao, kimoja kiongozi na kingine msaidizi) ina saa mbili, yaani vipima muda viwili, za kupangwa. Ya kwanza huamua msaidizi angoje kwa muda gani kabla ya kushika kazi ya kiongozi. Ya pili huamua muunganisho uliokaa kimya ukumbukwe hadi lini. Ukirekebisha ya kwanza peke yake, anwani ya IP ya pamoja itahama vizuri na watumiaji bado watakatikiwa. Mifano hapa ni ya Linux yenye keepalived (programu inayohamisha uongozi) na conntrackd (programu inayonakili jedwali la miunganisho kwa mwenzake).

Anza na VRRP, itifaki inayoamua nani awe kiongozi. Kwa `advert_int 1`, kiongozi hutuma tangazo kila sekunde. Msaidizi hungoja mara tatu ya muda huo, pamoja na nyongeza: 256 toa kipaumbele chake, gawanya kwa 256, na katika toleo la 3 zidisha kwa muda wa tangazo. Mwenye kipaumbele 100 hungoja sekunde 3.61. Ukishusha tangazo hadi 0.2, jambo linalohitaji VRRP toleo la 3, hungoja sekunde 0.72 tu. Inavutia, lakini prosesa ya kiongozi ikilemewa kwa sekunde moja, msaidizi atadhani mwenzake amekufa, na wote wawili watadai anwani ileile. Baki na sekunde 1 mpaka uwe na sababu nzito.

Thamani hiyo ifanane pande zote. Katika toleo la 2, tangazo lenye muda tofauti hutupwa, na unapata viongozi wawili. Kagua kwa `tcpdump -ni eth0 ip proto 112`: kwa kila kundi la VRRP, mtumaji awe mmoja tu.

Weka `state BACKUP` kwenye vifaa vyote viwili, kisha `nopreempt` (usinyakue uongozi), au `preempt_delay 300` (ngoja sekunde 300 kwanza). Bila hivyo, kifaa kilichowaka upya kinaweza kunyakua uongozi kabla hakijapokea jedwali la miunganisho.

Sasa saa ya pili. `nf_conntrack_tcp_timeout_established`, muda wa kukumbuka muunganisho wa TCP ulio wazi, huja ikiwa sekunde 432000, yaani siku 5. Ukiipunguza ili jedwali lisijae, usishuke chini ya 7440 (saa 2 na dakika 4), kiwango ambacho RFC 5382 (waraka wa kanuni za intaneti) imekiweka kwa NAT, yaani ubadilishaji wa anwani za mtandao. Kwenye Linux, programu iliyowasha keepalive ya TCP (pakiti ndogo za kupima kama muunganisho bado upo) hutuma ya kwanza baada ya sekunde 7200. Ukiweka 3600, fayawoli itausahau muunganisho saa nzima kabla ya hapo, na hifadhidata itabaki imeganda bila ujumbe wa kosa. Thamani hii nayo iwe moja pande zote.

Mtego unaosumbua kweli ni `CommitTimeout` ya conntrackd, inayohesabiwa kwa sekunde. Ukiiweka 180, kila muunganisho unaopokelewa na kiongozi mpya huanza na dakika 3 za uhai, hata kama ulikuwa na saa mbili. Iliyo kimya hufa dakika 3 baada ya kuhama, wakati kila mtu ameshatangaza kwamba kazi imekwisha salama. Iache bila kuwekwa, conntrackd ikadirie yenyewe.

Jaribu kwa kuzima umeme wa kiongozi. Usitumie `systemctl stop keepalived`: ikizimwa kwa utaratibu hutuma kipaumbele 0, msaidizi akachukua nafasi baada ya nyongeza tu, sekunde 0.61, nawe ukaona nambari nzuri isiyo ya kweli. Endesha `ping -i 0.2` kupitia klasta: pakiti 18 zikipotea ni sekunde 3.6, sawa na hesabu. Kabla ya kuzima, fungua pia ssh uiache bila kuigusa, kisha bonyeza Enter dakika 10 baadaye, uone kama muunganisho uliokaa kimya bado upo.