Kabla hujaingia kwenye jakuzi, pima maji kwanza

Watu wengi wakiona jakuzi linafuka mvuke na mapovu yanachemka wanatumbukia tu, na hapo ndo wanapokosea, maana vitu viwili vinavyokuletea raha au matatizo mle ndani huvioni kwa macho, kuna joto lenyewe na kuna dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye maji.

Tuanze na joto. Mwisho ni nyuzi 40 za Selsiasi, usipandishe zaidi ya hapo hata kama wenzako wanalalamika maji yamepoa, na kwangu mimi 38 inatosha kabisa, unakaa bila kuhema. Kawaida mwili unajipoza kwa jasho kukauka kwenye ngozi, sasa ukishazama mpaka shingoni jasho halina pa kukaukia, joto linabaki ndani na kuzidi kupanda huku wewe unajisikia mzuri tu na usingizi unakunyemelea. Kwa hiyo weka saa karibu, dakika 15 zikifika toka, kunywa maji, pumzika, ukitaka utarudi baadae. Na ukitoka usiinuke ghafla, kaa kwanza pale ukingoni, kwa sababu mishipa imetanuka na presha imeshuka, watu wanaanguka hapohapo kwenye ngazi. Kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, hivyo usivivumilie hata kidogo.

Pombe acha kabisa. Najua watu wanapenda kuingia na glasi mkononi, ila pombe nayo inatanua mishipa na kuleta usingizi, ukichanganya na maji moto ni rahisi sana mtu kuzama bila hata kupiga kelele.

Sasa maji. Nunua zile karatasi za kupimia, unachovya tu na kulinganisha rangi. Klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, kama mnatumia bromini iwe kati ya 4 na 8, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Usifikiri ukipima mara moja kwa wiki umemaliza, maji moto yanaila klorini haraka kuliko bwawa la kawaida, na watu wanne kwenye maji kidogo vile, na jasho lao na losheni zao, wanaimaliza chapuchapu. Ndo maana nasisitiza kuoga kwa sabuni KABLA ya kuingia. Dawa ikiisha bakteria wanazaliana, kuna Pseudomonas anayeleta vipele vya kuwasha hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana, na kuna Legionella ambaye unamvuta kwa pumzi kwenye ule ukungu wa mapovu na anaweza kukuletea nimonia mbaya. Kagua kuta kwa mkono, zikiwa na utelezi usiingie. Na ile harufu kali inayochoma macho watu wanadhani ni dalili ya usafi, wakati mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuungana na uchafu. Ukimaliza, oga tena na ufue ile nguo.

Wajawazito waongee na daktari kwanza, hasa miezi mitatu ya mwanzo, joto la mama likipanda sana linaweza kumdhuru mtoto. Wenye moyo au presha hivyohivyo, na wenye kisukari ambao miguu imeshakufa ganzi, maana wanaweza kuungua bila kujua. Watoto chini ya miaka 5 wasiingie kabisa.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni tundu la kunyonyea maji kule chini. Nguvu yake si ya mchezo. Mwaka 2002 kule Marekani mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa na tundu la jakuzi akafariki, na sheria ya mwaka 2007 ya usalama wa mabwawa ikapewa jina lake. Hakikisha mfuniko wa tundu upo na haujapasuka, nywele ndefu funga juu, na kabla hujaingia jua swichi ya kuzima pampu iko wapi.

Simu iliyochomekwa chaji iwe mbali. Usiingie peke yako. Na mkishatoka wote, rudishieni kifuniko kikubwa na mkifunge kwa kufuli, mtoto mdogo akiachwa peke yake, hata dakika tano hazihitajiki ili azame.