Postikadi kutoka Hamburg hadi Tanga: stempu ya bei gani, na ibandikwe wapi

Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, na simu anayo; tunaongea karibu kila siku. Lakini ukienda kumjulia hali, hutamaliza kikombe cha chai kabla hajakutolea kopo la biskuti lililojaa postikadi nilizomtumia tangu nihamie Hamburg, Ujerumani. Maneno ya simu huyasahau kufikia usiku. Kadi huzitoa tena na tena, humsomea mjukuu, kisha huzirudisha koponi kwa mpangilio wake mwenyewe. Kwa hiyo wenzangu hapa, wengi tukiwa watu wa pwani tunaohudumia wazee kwenye nyumba za malezi, huniuliza: dada, unabandika stempu ya shilingi ngapi? Nitaeleza kama ninavyowaeleza wao wakati wa mapumziko.

La kwanza kabisa: stempu ni ya nchi unayotumia kadi, si ya nchi inakokwenda. Mama mdogo alipokuja kututembelea aliniletea karatasi nzima ya stempu za Tanzania, nzuri sana, akiamini nitazibandika kwenye kadi za dada yake. Nimezihifadhi kama ukumbusho, maana kwenye sanduku la hapa hazina kazi. Mwaka 1874 nchi zilikutana Bern, Uswisi, zikaanzisha umoja ambao leo ndio Umoja wa Posta Duniani, na zikakubaliana kwamba kwa barua zao zitahesabika kama eneo moja. Unalipa mara moja tu, kule unakotuma. Posta ya Tanga haimdai mama chochote ikiwa mimi nimelipa sawasawa. Posta za nchi mbili hulipana zenyewe kwa kazi ya kufikisha, kwa utaratibu uliopitishwa Tokyo mwaka 1969. Ukilipa pungufu, kadi inaweza kukurudia, au ikapigwa mhuri wenye herufi T na anayepokea akadaiwa kilichopungua. Mtu umemtumia salamu halafu yeye ndiye alipe! Ndiyo maana nasisitiza bei.

Hapa Ujerumani bei ni rahisi kukariri. Tangu tarehe 1 Januari 2025, postikadi ya kwenda popote ndani ya nchi ni senti 95 za yuro. Ya kwenda nje ni yuro 1.25, na nje maana yake nje kokote: Uholanzi hapo jirani, Tanga, Muscat, Auckland, yote bei moja, na ya kwenda mbali husafiri kwa ndege bila wewe kuongeza kitu. Kabla ya hapo kadi ya ndani ilikuwa senti 70 na ya nje senti 95. Angalia hiyo 95 vizuri, kwa sababu ndiyo inayowaponza watu. Mwenye stempu za 95 alizonunua zamani kwa ajili ya nyumbani, leo zinamfikisha Munich tu. Lakini usizitupe. Nunua stempu ndogo za nyongeza. Mimi nilibandika tatu za senti 10 pembeni mwa ile ya 95, ikawa 1.25 kamili, na mama alifurahi kuona stempu nne kwenye kadi moja. Stempu zilizoandikwa kwa yuro hazichachi. Zile za enzi za marki, fedha ya Ujerumani kabla ya yuro, zenye alama ya fenigi (senti zake), muda wake ulikwisha mwaka 2002, hata ukizikuta mpya kwenye droo ya bibi unayemhudumia.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawajalitambua. Tangu kadi ianze, maana yake ilikuwa unafuu. Postikadi ya kwanza ilitolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869 kwa kreuzer 2, sarafu ndogo ya huko, wakati barua ilikuwa 5. Hapa pia, hadi mwisho wa 2024, kadi ilikuwa senti 70 na barua ndogo 85. Sasa zote ni 95, na kwenda nje zote ni 1.25, mradi barua isizidi gramu 20. Kwa hiyo kama una neno la siri, tia kadi ndani ya bahasha, ongeza na karatasi moja au mbili, bei haibadiliki. Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina gramu 5, basi karatasi tatu na bahasha nyepesi bado uko salama. Mimi hata hivyo hutuma kadi wazi, kwa sababu mama anautaka mhuri wa Hamburg upigwe juu ya kadi yenyewe, na kwenye bahasha ungepotea.

Vipimo navyo ni sehemu ya bei. Kadi ya Ujerumani iwe na urefu wa sentimita 14 hadi 23.5 na upana wa 9 hadi 12.5, tena iwe ya karatasi ngumu. Kadi za mraba zinauzwa kila duka la zawadi na zinavutia, lakini kadi ya 14 kwa 14 imeshazidi upana, na ndani ya nchi inahesabiwa kama barua kubwa, yuro 1.80. Kabla ya kununua, ninaishika kadi na kuipima kwa kiganja: kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha kati, nikiwa nimetanua, ni karibu sentimita 19. Huo ndio utepe wangu wa kupimia dukani.

Stempu utaipata kwenye dirisha la posta, ambalo siku hizi mara nyingi limo ndani ya duka la magazeti au la vyakula. Kama Kijerumani bado kinakusumbua, sema hivi tu: „Eine Briefmarke für eine Postkarte nach Tansania, bitte.“ Yaani: naomba stempu moja ya postikadi ya kwenda Tanzania. Karani atakupa ya 1.25. Kwa kadi za ndani ya nchi hata stempu si lazima: programu ya posta kwenye simu inakuuzia msimbo, unaandika kwa kalamu kwenye kona ya juu kulia alama ya # na neno PORTO, na chini yake herufi na tarakimu ulizopewa, jumla yake nane. Nilipoandika mara ya kwanza mkono ulitetemeka, nikidhani itarudi. Ilifika Bremen kesho yake. Kwa mama siwezi kufanya hivyo, maana angesema stempu yake iko wapi.

Sasa anwani, maana hapa ndipo kadi nyingi za kwenda kwetu zinapopotea, si kwa bei. Kwetu barua haziletwi mlangoni, zinaingia sanduku la posta, na mama hana sanduku lake. Nilimwomba kaka, ambaye ni mwalimu, anitumie S.L.P. ya shule yake. Upande wa kulia wa kadi naandika jina la mama, chini yake „kupitia kwa Mwalimu“ na jina la kaka, kisha jina la shule, S.L.P. na namba, Tanga, na mstari wa mwisho kabisa TANZANIA kwa herufi kubwa. Karani na mashine za Hamburg zinahitaji mstari huo mmoja tu. Ya juu yake yote yatasomwa na karani wa Tanga, kwa hiyo yaandike kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kwa binamu zangu Oman ni sanduku pia, na baada yake ile namba ya tarakimu tatu ya mtaa, kama 112 ya Ruwi, usiiache. Kwa Kenya ni tarakimu tano, kama 80100 ya Mombasa.

Kisha acha ukingo wa chini wa kadi mtupu, upana wa kidole kimoja na nusu. Mashine za kupanga barua hupiga pale vistari vya rangi ya machungwa. Kadi niliyomtumia mama wakati wa Ramadhani yangu ya kwanza hapa ilijaa maandishi mpaka pembeni, na vistari vikakaa juu ya dua niliyomalizia. Alinisomea kwenye simu mpaka hapo, akanyamaza, akaniuliza: „Hapa umeandika nini, mwanangu?“

Sanduku la barua la njano wakati mwingine lina midomo miwili. Mmoja una namba za posta za mtaani, mwingine umeandikwa „Andere Postleitzahlen“, yaani kwingineko. Kadi ya nje itie huo wa pili. Saa za kuchukuliwa barua zimebandikwa mbele. Ukitia Jumamosi jioni, ujue kadi italala hapo.

Ukisafiri, usibebe mazoea ya Ujerumani. Ufaransa mwaka 2025 kadi ya nje ilikuwa yuro 2.10. Marekani, Julai 2025, kadi ya ndani ilipanda hadi senti 61 na ya nje dola 1.70, lakini vipimo vyao ni vikali zaidi: ikizidi inchi 4.25 kwa 6 inalipiwa kama barua, wakati huo senti 78. Kaka yangu mwingine yuko Minneapolis na hununua stempu za Forever kwa wingi, kwa kuwa bei ikipanda bado zinakubalika. Kwa mama anabandika ile ya mviringo ya kwenda nje. Uingereza hakuna bei ya kadi kabisa, unalipa ya barua: Aprili 2025 daraja la kwanza lilipanda hadi pauni 1.70 na la pili likawa peni 87, na zile stempu za kila siku zenye kichwa cha malkia bila msimbo pembeni hazitumiki tangu mwisho wa Julai 2023. Japani ndiko kwenye bei inayonishangaza: kadi ya ndani yeni 85, ya kwenda popote duniani kwa ndege yeni 100. Na Denmark, saa chache tu kwa treni kutoka hapa, posta ya taifa iliyoanza 1624 ilipeleka barua yake ya mwisho tarehe 30 Desemba 2025. Ukienda Copenhagen, beba kadi zako urudi uzitume ukiwa Hamburg.

Italia nina neno la pekee. Duka la zawadi liliniuzia kadi sita na stempu sita, nikazitia kwenye sanduku jekundu la posta. Hakuna hata moja iliyofika. Baadaye nikaelewa kwamba zilikuwa stempu za kampuni binafsi, na kadi hizo hutakiwa kutiwa kwenye visanduku vya kampuni hiyohiyo. Ziliniuma, maana moja nilimwandikia baba wa rafiki yangu aliyekuwa mgonjwa. Italia nunua stempu posta, au dukani uliza waziwazi kama ni za posta yenyewe.

Kwenye soko la vitu vya zamani hapa mjini niliwahi kushika kadi yenye mhuri wa TANGA, ya enzi za ukoloni wa Wajerumani. Stempu ilikuwa ya kijani, na meli, na bei yake imeandikwa 4 Heller. Heller mia ndiyo ilikuwa rupia moja, na ndiyo hela tunayoisema mpaka leo. Hela nne, Tanga hadi Hamburg. Muuzaji alitaka yuro 40, nikairudisha, lakini nilimwandikia mama habari yake siku hiyohiyo.

Mwisho, zipe kadi zako namba. Mimi huandika kwenye kona ndogo ya juu kushoto, na kwenye daftari naweka namba, tarehe na stempu. Iliyowahi kuliko zote ilifika kwa siku 16. Nyingine ilikaa miezi miwili na nikadhani imepotea, kumbe ilikuwa imelala kwenye sanduku la shule wakati wa likizo. Namba 58, yenye picha ya meli kongwe ya Cap San Diego, niliitia sandukuni Jumatatu. Namba 57 bado, na kaka amesema Ijumaa atapita posta.