Kufufua pleya ya santuri ya zamani bila kumaliza mshahara

Mi nilianza na Garrard SP25 ya babu, pleya ya Uingereza, imekaa juu ya kabati miaka na miaka imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Fundi redio mmoja alishaiangalia akasema "mwanangu mota imekufa hiyo, tafuta nyingine". Mota ilikua nzima kabisa. Grisi ndo ilikua imekufa. Grisi ikikaa miaka arobaini inageuka ulimbo, kila kinachozunguka kinanasa, mota inanguruma tu haisogei halafu mtu anakwambia kanunue mpya. Kwahiyo kabla hujatoa hela ya chochote, safisha kwanza.

Chomoa plagi. Sio kuzima swichi ya ukutani, nasema chomoa. Inua raba ya juu, kwenye hiyo Garrard katikati kuna klipu ndogo, itoe taratibu huku umeiziba na kidole maana ikiruka utaitafuta chini ya kochi mpaka magharibi. Sahani ya chuma ikishatoka utaona gurudumu la raba linaloegemea kijiti cha mota chenye ngazi, kila ngazi ina spidi yake. Piga picha na simu kila hatua, mi sikupiga mara ya kwanza nikabaki na springi moja mkononi sijui imetoka wapi.

Kusafishia tumia spiriti ya isopropili, mafundi simu wanayo, ndo wanayosafishia bodi. Spiriti ya duka la dawa zingine zina mafuta ndani, zinaacha utelezi. Pamba za masikio, mswaki wa zamani, uvumilivu. Kwangu pamba zilitoka kahawia kama nimechovya kwenye asali, ishirini na kitu hivi, mpaka ekseli ikaanza kuzunguka yenyewe nikiigusa. Ukimaliza weka matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya sahani na ya gurudumu, basi. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati usiitie humu, inakauka na utarudi palepale. Na mafuta yasiguse raba wala ukingo wa ndani wa sahani, yakigusa gurudumu linateleza na spidi inayumba.

Raba ya gurudumu yenyewe ikiwa imekua ngumu na inang'aa ikwaruze kidogo na msasa laini huku unaizungusha, kisha ifute. Hapa kuna jambo wengi hatulijui. Hizi pleya za gurudumu ukizima kwa mkono wake wa kuzimia, gurudumu linaachia kijiti cha mota. Ukizimia ukutani, au umeme ukikatika katikati ya wimbo ukaenda zako kulala, gurudumu linabaki limebanwa hapohapo na linaingia kishimo, na kuanzia siku hiyo unasikia tuk tuk tuk nyuma ya kila wimbo. Umeme ukikatika rudisha mkono wa kuzimia kwenye off, hata gizani. Kama sahani ya pleya yako inazungushwa na mkanda wa raba badala ya gurudumu mambo ni rahisi zaidi, pima njia ya mkanda kwa uzi, nunua mkanda mfupi kidogo kuliko huo uzi.

Umeme sasa. Nyaya za Kiingereza za zamani ni nyekundu ndo moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Siku hizi moto ni kahawia na nyutro ni buluu, usifunge kwa kubahatisha. Kwenye swichi ya mota kuna kapasita ndogo ya kuzuia cheche na ule mlio wa "pwa" kwenye spika ukizima, za zamani za karatasi zinapasuka na kujaza chumba moshi. Weka mpya iliyoandikwa X2, yaani ile salama kwa umeme wa ukutani, thamani ileile, volti 275 AC, usikubali uwekewe ya kawaida. Kama hujawahi kushika risasi na pasi ya kulehemu mpe fundi hii kazi moja tu.

Na ukiona pleya ya bei poa imetoka Marekani, soma kibao cha nyuma kwanza. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi hezi (mipigo ya umeme kwa sekunde), mota nyingi za AC za kule zimepimiwa hezi 60 na huku kwetu ni 50, kwahiyo spidi ya 33, yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, inakua kama 28 na mwimbaji anasikika kalewa. Ya Uingereza haina shida hiyo.

Kujua spidi huhitaji kifaa. Bandika kipande cha selotepu ukingoni mwa sahani, weka saa ya simu, hesabu mizunguko dakika tatu. 33 iliyonyooka inatoa mizunguko 100 kamili, 45 inatoa 135. Yangu ilitoa 97, nikasafisha kijiti cha mota tena ikafika 100.

Hela sasa iende kwenye katriji, kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, na sindano yenyewe, huko ndo sauti iliko. Kwa mikono mizito ya zamani, ile inayobeba katriji, Audio-Technica AT3600L inatosha na ni ya bei ndogo, inataka sindano ikandamize santuri kwa uzito wa gramu 3 hivi. Nyaya nne za mkono zinazoingia kwenye katriji: nyeupe na buluu ni kushoto, nyekundu na kijani ni kulia, nyeupe na nyekundu ndo chanya. Chomeka kwa vile vibanio vyake, usilehemu kwenye miguu ya katriji, joto linaiua. Uzito pima na mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia dhahabu. Ile tabia ya kubandika sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke achana nayo jamani, unalima santuri.

Katriji hii ni ya sumaku, kwahiyo kama amplifaya haina tundu lililoandikwa PHONO utapata sauti ya mbu isiyo na besi, nunua priampu ndogo ya phono, kiboksi cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Ikivuma mmm, angalia kama ule waya mwembamba wa ethi wa pleya umefungwa kwenye amplifaya.

Kwa wenye santuri za 78 za bibi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zile za enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay 1928, sindano ya LP, yaani santuri za kawaida za 33, ni nyembamba mno, hizi za 78 zina sindano yake. Na usizifute na isopropili! Zimetengenezwa kwa lakri, inayeyuka. Mi nilifuta moja ya taarabu kwa mbwembwe mbele ya bibi, pamba ikatoka nyeusi, nikajua ni uchafu nikaendelea kufuta. Ikawa na doa la kijivu upande mzima. Bibi aliitazama, akaichukua, akaenda nayo chumbani, na ya pili hajanipa mpaka leo.